UZI: Nimetoka field ya ualimu Mtwara. Kompyuta zimefunikwa vitambaa, simu marufuku, na watoto wanaijua ChatGPT kuliko mimi

ChakiNaBando

Wakuu salaam.

Mimi ni mwanachuo, naingia mwaka wa tatu ualimu, masomo yangu ni Baiolojia na Jiografia. Nimerudi juzi kutoka field, yaani mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa sekondari ya kata mkoani Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde, kule ambako maji unanunua kwa ndoo lakini mtandao unashika. Jina la shule naliweka kapuni. Walinipokea vizuri, wakanitafutia na chumba, sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili yangu.

Chuoni tulisoma kozi nzima ya teknolojia katika elimu. Mtihani wake tulifanya kwa kalamu na karatasi, na swali la kwanza lilitaka faida tano za projekta. Nilipata B. Kwa hiyo nilipanda basi la kusini nikijiona niko vizuri.

Siku ya kwanza mkuu wa shule akanitembeza. Tulipofika chumba cha kompyuta akaita mlinzi. Mlinzi akaenda kutafuta ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu wa stoo, na mwalimu wa stoo alikuwa ameenda benki mjini. Niliingia siku ya tatu. Kompyuta kumi na mbili zimepangwa ukutani, na kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma, vile vile ambavyo mama zetu wanatandika kwenye makochi, vyeupe vyenye maua pembeni. Hakuna vumbi hata la kuandikia jina, maana wanafunzi wa zamu wanafuta kila Ijumaa. Nikauliza zinatumika lini.

"Wakija wageni."

Nilitaka kucheka, ila mkuu akaniambia jambo ambalo kwenye kozi yetu halikuwemo. Kompyuta moja ikiibiwa au ikiungua, anayeandika maelezo ni yeye. Zikikaa miaka mitano chini ya vitambaa hakuna anayemuuliza kitu. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mimi ningefunga na kufuli la pili.

Upande wa simu mnaujua. Mwanafunzi haruhusiwi. Asubuhi mstarini mwalimu wa nidhamu anapekua mabegi, ikipatikana inaingia kabatini mpaka mzazi aje. Hiyo ni mpaka saa tisa mchana. Ile ni shule ya kutwa, na kule korosho zikishalipwa, nyumba nyingi kinachofuata baada ya mabati ni simu janja. Kwa hiyo mchana shule haina teknolojia, usiku mtoto anashika simu ya kaka mpaka bando liishe, na hizo dunia mbili hazisalimiani.

Mimi nilizikutanisha kwa bahati mbaya. Kidato cha pili niliwapa kazi ya nyumbani: taja mimea minne inayoota karibu na kwenu, eleza majani yake yanavyoisaidia kupata mwanga. Kesho yake nasahihisha, madaftari matano yana mwaloni, maple, msonobari na dungusi. Mpangilio ule ule, Kiingereza kimenyooka kama cha gazeti. Jamani, mwaloni mimi mwenyewe nimekutana nao kwenye Biblia tu, pale kwa Ibrahimu. Msonobari nenda Mufindi huko. Maple sijawahi kuiona hadi leo.

Mwalimu mwenyeji wangu akaniambia wape adhabu wote watano, wamenakiliana. Nikaomba dakika kumi. Nikatoka nao, na darasa zima likafuata, mpaka kwenye mkorosho ulio nyuma ya darasa. Nikauliza, "Huu unaitwaje?" Wakacheka hadi wa kidato cha nne wakachungulia dirishani. Nikasema basi nielezeni jani lake. Kimya kidogo, halafu binti mmoja kati ya wale watano akaanza: jani lililokomaa ni gumu, ukilikunja linavunjika, ila jani changa ni laini, na ndilo linaloshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, ndiyo maana baba yake anapulizia salfa mapema. Akaendelea. Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyajua, na hakuyasoma popote.

Nikamuuliza, sasa mbona kwenye daftari umeandika maple?

"Ni ChatGPT, ticha. Ya kaka."

"Mliiambia mnakaa wapi?"

Wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa ameiambia. Waliandika swali langu kama lilivyo, "karibu na kwenu", na ile mashine ikajibu kwa kwao.

Wiki hiyo nikaamua kujaribu kitu. Shule ina darubini moja, kioo chake kina ukungu. Nikachukua simu yangu, nikailaza mezani chali, nikadondosha tone moja la maji kwa ncha ya kijiti juu ya kamera ya mbele. Tone likikaa duara linakuwa lenzi. Ukishika jani juu yake, karibu kabisa bila kugusa maji, mwanga ukipita kwa juu, kwenye kioo cha simu unaona mishipa ya jani imetandaa kama ramani ya mito, na vile vinywele vidogo ambavyo kwa macho huwezi kuviona. Ukichelewa tone linamwagika, unaanza upya. Wanafunzi hamsini na nane, vikundi vya wanane wanane, kila kikundi dakika tano, huku wengine wanachora. Sijawahi kusikia darasa limetulia namna ile.

Kikundi cha nne ndipo ujumbe ukashuka juu ya kioo, maandishi makubwa: NDUGU MTEJA, MKOPO WAKO UMEPITILIZA SIKU TISA, TUTAWAJULISHA WADHAMINI WAKO. Hela ya field ilikuwa imechelewa, nilikopa kwenye programu moja ya simu nipate nauli, ndiyo yaliyonikuta. Wakasoma wote wanane kwa sauti, kama kiitikio. Mpaka naondoka jina langu pale lilikuwa Ticha Mkopo.

Sasa wakuu, baadaye kidogo nitakuwa natafuta ajira na Mungu akijalia nitaingia darasani kwa mshahara. Nimeanza kuamini kwamba simu moja mikononi mwa mwalimu inafanya kazi kuliko kompyuta kumi na mbili zilizovalishwa, na kwamba tukiendelea kujifanya watoto hawana simu tunawaachia wajifunze wenyewe usiku. Lakini sina hakika na nafasi yangu. Walimu mliopo kazini, wazazi, naomba uzoefu wenu. Matusi pia napokea.

Kausha Damu

Ticha Mkopo 😂😂 Mdogo wangu, kabla ya kutuletea teknolojia ya elimu zima kwanza notifikesheni. Naweka kambi hapa.

Mama Kibonge

Mwanangu umeandika vizuri ila ngoja nikupe upande wa huku nyumbani.

Nina watoto wawili, mmoja darasa la tano, mmoja kidato cha kwanza, shule tofauti. Nina magrupu matatu ya WhatsApp ya shule. Simu ni marufuku kwa mtoto, sawa, nakubali kabisa. Lakini kazi ya likizo inatumwa kwenye grupu, kurasa kumi na nne, picha za karatasi zilizopigwa kwa mshazari, nyingine kidole cha mwalimu kimo. Natakiwa niprinti. Steshenari karatasi moja ina bei yake, zidisha kumi na nne, zidisha watoto wawili. Nisipoprinti mtoto anainama kwenye simu yangu usiku, nami nikiwa na oda za maandazi natakiwa niisubiri.

Na mimi nina simu janja. Jirani yangu ana simu ya kitochi. Mtoto wake anakuja kwangu kunakili kwa mkono, anakaa hapo mlangoni mpaka saa mbili, na kesho mwalimu anamuuliza kwa nini mwandiko mbaya. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi kwa korona mpaka mwisho wa Juni, yule mtoto hakusoma kitu. Vipindi vilikuwepo redioni na kwenye TV, ila kwao redio ni ya baba, na baba anatembea nayo.

Sasa ukiwa mwalimu kamili, kabla hujatuma kitu kwenye grupu jiulize ni nani hayumo kwenye hilo grupu. Hilo tu mwanangu.

Ngosha wa Ng'ambo

Niko Ulaya mwaka wa kumi na moja huu. Naona mnakimbilia kule ambako wenzenu wanarudi. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018, mwanafunzi hatumii simu shuleni, msingi mpaka anapokaribia miaka 15. Uswidi walikuwa mbele kabisa kwa vishikwambi, hadi chekechea, mwaka 2023 serikali yao ikatenga hela kurudisha vitabu vya karatasi na kuandika kwa mkono. Hao si wajinga. Wameona watoto hawasomi kurasa mbili bila kuchungulia pembeni.

Mwanangu mwenyewe nikimnyang'anya simu anatetemeka kama mtu wa sigara. Hicho ndicho mnachotaka kumpelekea mtoto wa Mtwara anayejua mkorosho wa baba yake?

ChakiNaBando

Mama Kibonge, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, nikanyamaza. Lile grupu la kidato cha pili nililianzisha mimi mwenyewe wiki ya tatu. Wazazi ishirini na mmoja kati ya hamsini na nane. Nilijisifu kwa mwalimu mwenyeji kwamba nimepata ishirini na mmoja. Thelathini na saba sikuwahesabu kabisa.

Nilikuja kulifunga wiki ya sita. Nilichofanya badala yake ni cha kizamani: nikaandika kazi ubaoni dakika kumi kabla ya kengele. Wenye simu nyumbani na wasio nazo wakaondoka na kitu kimoja.

Ngosha, mkuu wangu, hoja yako naiheshimu, na hilo la kutetemeka nimeliona bwenini chuoni kwetu kwa watu wazima wenye ndevu. Mimi mwenyewe nina usiku nimefungua simu kutafuta tafsiri ya neno moja, nikaja kujikuta saa nane natazama mtu anaosha mazulia. Na kuna wenzangu boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likiingia asubuhi, jioni limeishia kwenye mikeka ya kubeti. Kwa hiyo sikatai.

Ila Uswidi wanarudi kwenye vitabu kwa sababu vitabu wanavyo kabatini. Mimi nirudi wapi? Mtaala ulioboreshwa umeshafika kidato cha pili, na nakala za karatasi za Baiolojia nilizozikuta pale nilizihesabu kwa vidole vya mikono, sikuhitaji vya miguu. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa Kemia. Ana kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 wakaja kupewa walimu. Wengine pale vishikwambi vyao viko sandukuni, wanaogopa kuvivunja, ugonjwa ule ule wa vitambaa vya kufuma. Yeye amekivalisha gamba la mpira na anatembea nacho. Ameshusha vitabu vyote vya kidato cha kwanza na cha pili kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, bure kabisa, akanirushia kwa bluutuuthi tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Kutoka siku hiyo nilikuwa nachora ubaoni mchoro ule ule uliomo kitabuni, badala ya ule niliokuwa naukumbuka kutoka miaka yangu ya kidato cha pili.

Mtoto hakugusa kioo hata kidogo hapo. Alichokiona ni chaki. Ndiyo maana nasema simu ya mwalimu. Nikisema teknolojia watu wanaona mtoto na TikTok.

Mwalimu wa Nakuru

Hamjambo majirani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kenya, nimekuwa nikisoma kimyakimya.

Sisi tulipitia hiyo safari. Mwaka 2013 wakati wa kampeni tuliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapata kipakatalishi. Mwaka 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni, vikiwa tableti. Sitasema havikuwa na faida, kwa sababu shule nyingi zilipata umeme kwa ajili ya mradi ule, na umeme ulibaki. Lakini tableti zenyewe, siku ya kwanza watoto walifurahi, wiki ya pili tukaanza kutafuta nani atazichaji, muhula wa pili zikaingia ndani ya kabati la chuma. Kabati letu halina kitambaa cha kufuma, ila ni yale yale.

Halafu mtaala wa umilisi ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, mzigo ukahamia kwa wazazi. Mtoto anaambiwa alete picha ya wanyama watano. Mama anaenda saiba, duka la intaneti na kuprinti, saa kumi na mbili jioni, foleni imejaa akina mama wenzake, wote wanaprinti ndovu. Nilimwona mmoja na mtoto amelala mgongoni. Siku hiyo niliacha kuitisha picha. Nilianza kuwaambia wachore, hata kama ng'ombe ana miguu sita.

Hilo tone la maji nitalijaribu Jumatatu. Nitazima data kwanza.

Mzee wa Kisomo

Vijana, marahaba kwa wote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu ndiye ananiandikia humu, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mnaongea kana kwamba chombo cha kufundishia kimezaliwa na simu. Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, kijijini kwetu ilipopita kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, ya mkulima, betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu. Kila wiki kipindi kimoja, wiki kumi na mbili. Lakini sikilizeni jinsi ilivyofanyika. Hatukukaa tu kusikiliza. Tulikuwa kwenye vikundi, kila kikundi kina kiongozi aliyefundishwa kwanza, na ana kitabu. Redio ikinyamaza, kiongozi anasoma sehemu ya wiki hiyo, wale wasiojua kusoma wanasikia, kisha tunabishana. Leo ni maji, wiki ijayo malaria, nyingine choo. Na kikao hakifungwi mpaka tukubaliane tutafanya nini kabla ya wiki ijayo.

Sisi tulikubaliana kuchimba vyoo. Nakumbuka mzee mmoja alikataa, akasema redio haiwezi kumwagiza mtu mzima mahali pa kwenda haja. Tulibishana naye wiki mbili. Wiki ya tatu tukamkuta anachimba usiku, kwa taa ya chemli, ili asionekane ameshindwa.

Baada ya pale ikaja Chakula ni Uhai, 1975. Mimi nikaingia ualimu kwa sababu ya yale mambo.

Redio nyingi nimeziona baadaye, nzuri zaidi, za kaseti. Hazikuchimbisha choo hata kimoja, kwa sababu hapakuwa na kikundi wala kiongozi wala yule mzee wa kubishana naye. Kijana, nilichopenda kwenye habari yako ni pale ulipowatoa nje kwenda kwenye mkorosho. Hiyo simu ingeweza kubaki mfukoni.

Mtoa Hoja Sugu

Naomba niwe mchawi wa uzi. Mleta mada, ajira zenyewe sasa hivi mpaka usaili, maelfu mnagombea nafasi chache, wewe unawaza matone ya maji. Halafu unawalaumu watoto kwa ChatGPT, wakati vyuoni kwenu ripoti za field mnaandikiwa na nini? Sema ukweli hapa.

ChakiNaBando

Mzee wa Kisomo, shikamoo mzee wangu. Nimemsomea mama yangu ujumbe wako kwenye simu, akasema baba yake pia alichimba mwaka huo. Hilo la simu kubaki mfukoni limenikaa. Nakubali, na nakataa kidogo. Pale kwenye mkorosho simu haikuhitajika kweli. Lakini tone la maji lilikuja baada ya mkorosho, na bila simu wasingeviona vile vinywele. Labda ndiyo mpangilio wenyewe, kwanza mti.

Mtoa Hoja, umenikamata. Nasema ukweli.

Andalio langu la kwanza la somo liliandikwa na ChatGPT. Usiku, niko kwenye chumba cha kupanga, kesho nina vipindi vitatu, nikaona nirahisishe. Likatoka safi sana, na malengo mahususi, na dakika zimegawanywa. Nikalinakili kwa mkono kwenye karatasi ili lionekane langu. Asubuhi nikampa mwalimu mwenyeji asaini. Akasoma taratibu, akavua miwani, akasoma tena kwa sauti mbele ya walimu wengine: "Dakika ya kumi mpaka ya ishirini: kila kikundi kitazame video ya usanisinuru kwenye kompyuta yao na kujadili." Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hizo kompyuta za vikundi umekuja nazo kwenye begi?"

Ofisi nzima ilicheka. Na chai nilikunywa mwisho siku hiyo.

Kwa hiyo wale watoto watano na mwaloni wao sikuwachapa kwa sababu mimi nilikuwa wa sita. Nilikuwa nimefanya jambo lile lile wiki mbili kabla yao: nimeuliza bila kusema niko wapi, nikapokea bila kuangalia dirishani. Andalio la pili niliandika mwenyewe kwanza, vibaya, halafu ndipo nikaiuliza ile programu sehemu moja tu, namna ya kuwafanya wanafunzi wengi waone kitu kidogo bila darubini. Likaja wazo la tone. Kwa hiyo hata lile darasa lililotulia sikulibuni mimi, wazo lilitoka huko huko kwa ChatGPT. Siku nzima nikalijaribu chumbani kabla ya kuwapelekea, maana ilikuwa imeniambia nitumie kamera ya nyuma, na nikigeuza simu tone linaanguka kitandani.

Ajira ni kweli. Kaka yangu ana shahada ya ualimu, anaendesha bodaboda mwaka wa nne. Anawafundisha Hisabati watoto wa kijiweni jioni, anaandika kwa kidole kwenye vumbi la tangi.

Kausha Damu

Kwa hiyo mkopo umelipa au bado?

ChakiNaBando

Umebaki elfu kumi na nne mkuu. Usinikumbushe.

Mama Kibonge

Ticha Mkopo, hao thelathini na saba ungewaambiaje kazi siku mtoto akiumwa hayupo shuleni? Nauliza kwa wema.

ChakiNaBando

Mama, kwa hilo sikupata jibu zuri. Nilichofanya, wale wanaokaa njia moja niliwapanga wawili wawili, aliyekuja anampitishia aliyekosa daftari akirudi nyumbani. Ilifanya kazi kwa walio karibu na barabara. Wa mashambani kule, wakati wa kupulizia korosho, anaweza kukosa wiki nzima na hakuna anayepita kwao. Mmoja alirudi ana rangi ya salfa kwenye nyusi, akaniuliza tumefika wapi. Nilimpa daftari langu mwenyewe akae nalo siku mbili.

ChakiNaBando

Wakuu nimerudi, samahani kwa kufufua uzi. Leo saa kumi na moja na nusu nimepata ujumbe kwa namba ngeni, ina picha. Ni yule binti wa mkorosho. Ujumbe uko hivi: "Shikamoo ticha, ni mimi wa kidato cha pili, natumia simu ya baba. Jani hili ni la mkorosho wetu wa nyuma ya nyumba, uko Mtwara, jani changa, tulipulizia salfa wiki iliyopita. ChatGPT inasema ni ugonjwa wa kutu. Baba anasema siyo. Wewe unasemaje?"

Ona alivyouliza jamani. Mahali, umri wa jani, dawa, siku. Nimesoma huo ujumbe kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Shida ni kwamba mimi sijui. Picha ina madoa ya kahawia, makubwa kuanzia ncha ya jani, pembeni yameungua. Ule unga mweupe wa ubwiri sijauona. Kama kuna mtu wa kilimo humu, hasa wa kituo cha utafiti cha Naliendele ambao korosho ndiyo kazi yao, naomba msaada. Simu ni ya baba yake na anaondoka nayo saa moja.

Shamba Darasa

Mimi ni mtu wa kilimo, korosho nimezishughulikia miaka mingi. Kwa maelezo yako inaweza kuwa ugonjwa wa blaiti, inaweza pia kuwa salfa imeunguza majani machanga kama walipulizia jua likiwa kali. Kwa picha moja siwezi kusema. Mwambie apige tena sasa hivi kabla giza halijaingia: jani lile lile kwa juu na kwa chini, tawi zima lenye maua, na mti wa jirani ambao haukupuliziwa. Amuulize na baba walipulizia saa ngapi.

ChakiNaBando

Nimemtumia. Anasema mti wa jirani uko ng'ambo ya barabara, anakimbia.

Shamba Darasa

Nipo. Zikifika nitumie inbox.